Zamu ya Mama

Nyumba ya Mchungaji
6 Februari

Mdogo wangu Kijiko,

Nakuombea barua hii ikukute na afya, na mikono ambayo haijaungua. Sisi hapa tunaendelea. Wifi yako alishikwa na mafua, sasa amebaki na kikohozi kinachomjia hasa ninapohubiri. Mwanao mkubwa, maana mtoto wangu ni wako shangazi yake, amevunja dirisha la ofisi ya kanisa kwa mpira, akaja kuungama mwenyewe kabla sijauliza. Nilifurahi kama baba, nikaudhika kama mwenye dirisha. Mdogo wake ameanza kusoma, anasoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye sabuni.

Sasa kuhusu Mama. Aliondoka hapa mwezi wa Novemba akasema anakuja kukutembelea kwa wiki mbili. Leo ni Februari. Mhasibu wetu alipita huko kwa shughuli zake, akarudi na habari kwamba alimwona ndani ya kiwanda chenu cha mikate, amejifunga kitambaa kichwani, anabeba trei. Kubeba trei nikasema sawa, Mama hajawahi kujua kukaa. Lakini mhasibu akaongeza kwamba alikuwa anacheka na mwanamume mmoja mwenye masizi usoni, anacheka mpaka anajishika ubavu. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika ni mama yetu.

Mimi sina neno na mikate. Nina neno na bendera ya chama mliyotundika mlangoni. Vijana wa kanisa wameniuliza kama Mkristo anaweza kuwa mjamaa, nimewajibu hapana. Imani yetu inaanza na mtu mmoja aliyetubu. Siasa yenu inaanza na kundi lililonuna. Wewe ulibatizwa siku moja na mimi, kwenye karai lile lile, nataka unijibu unavyoyapatanisha hayo mawili.

Na uniambie Mama anarudi lini.

Kaka yako

*

Ushirika, Nyuma ya Stesheni
2 Machi

Kaka yangu, Baba Askofu mtarajiwa,

Salamu zako zimefika na tumezigawana. Mikono yangu imeungua mahali pawili, lakini si vibaya. Mpe wifi pole, mwambie akohoe tu, pengine ndiyo namna pekee ya kupata nafasi ya kusema kanisani kwako. Huyo mwanangu aliyeungama, usimpige. Na huyo anayesoma sabuni, tutamtumia kitabu.

Sisi tunaishi vizuri. Ghala letu ni lile la magunia, bati lake likipata jua linapiga kelele. Tuna matanuri mawili na meza ndefu ya kukandia. Huyo mwenye masizi ni fundi wa tanuri, nasi tunamwita Masizi, kwa hiyo mhasibu wako hakukosea. Yupo binti wa mizani, anayepima madonge kabla hayajaenda kwenye trei. Yupo mfagizi. Kila mtu ana zamu yake na kila mtu ana kura moja kwenye mkutano wa Jumatatu, mfagizi kura moja na mimi niliyepewa kupanga zamu kura moja. Mama tulimwambia apumzike. Akasema hawezi kula mkate ambao hakuugusa, basi nikamwandika kwenye zamu, yuko nami mezani.

Swali lako limenichekesha, kisha likaniudhi. Ulipokuwa chuo cha uchungaji uliniandikia habari za wale waumini wa kwanza, waliouza mashamba yao wakaweka vyote pamoja, kila mtu akapewa kwa kadiri anavyohitaji. Uliniandikia kwamba ulilia. Sasa sisi tunafanya jambo lile lile bila kulia, unatuita kundi lililonuna.

Mwenye kiwanda wa zamani alikuwa mzee wa kanisa, unamkumbuka. Kila asubuhi alitusimamisha mstari, tukafumba macho akatuombea. Nadhani alipenda tuyafumbe. Siku alipofunga kiwanda alituombea pia, akaondoka, tukafumbua macho tukajikuta na matanuri mawili baridi na watoto nyumbani. Mimi sikumwacha Mungu siku ile. Nilichoka tu kusali nikiwa nimefumba macho.

Mama hajasema anarudi lini. Nami nina swali kwako. Kwa safari ya wiki mbili, kwa nini alikuja na lile begi kubwa linalofungwa kwa kamba, na sufuria yake ndani? Nimemuuliza. Akasema unga umeshaumuka, niangalie.

Mdogo wako,
Kijiko

*

Nyumba ya Mchungaji
9 Aprili

Mdogo wangu,

Tuko wazima. Dirisha limewekwa kioo kipya. Mwanao anayesoma kwa sauti ameanza kusoma barua zako, kwa hiyo tafadhali andika mambo yanayofaa watoto. Wifi yako anasema kikohozi kimekwisha na kwamba wewe una ulimi mrefu, lakini nilimwona anacheka alipogeuka.

Nimekasirika kidogo na nimechelewa kukujibu ili nisikuandikie nikiwa nimekasirika zaidi.

Unanirudishia barua niliyoiandika nikiwa kijana. Haya, tuisome vizuri. Wale waumini walitoa wenyewe. Hakuna aliyeinua mkono kwenye mkutano, hakuna katibu wa chama aliyekuja kuhesabu. Na unawakumbuka yule mume na mkewe waliouza kiwanja wakaleta nusu, nusu wakaificha, wakaanguka mmoja baada ya mwingine? Mtume aliwaambia wazi kwamba kiwanja kilikuwa chao na hela zilikuwa zao. Hawakuhukumiwa kwa kuwa na mali. Walihukumiwa kwa kusema wameleta yote. Kosa lao lilikuwa uongo, Kijiko, si mali. Ninyi mmeligeuza kabisa, kwenu mwenye kitu ndiye mwenye kosa.

Tena nikwambie ninavyouona huo ujamaa. Ni kijicho kilichoandikiwa katiba. Mtu anamwona mwenzake amepata, roho inamuuma, lakini badala ya kwenda kutubu anakwenda kuandikisha wanachama. Amri inayokataza kutamani cha jirani haikuweka kando mtu mwenye kadi ya chama.

Jambo la muhimu sasa. Nimeteuliwa kuwa mkuu wa jimbo. Nitasimikwa Jumapili ya mwisho ya Julai, askofu atakuja. Mwambie Mama kwamba kiti chake kipo mstari wa mbele, upande wangu wa kushoto, nimekiwekea mto mimi mwenyewe. Mwambie maneno haya haya, usiyapunguze. Mwambie pia kola yangu siku hizi haikai vizuri. Wifi yako anaipiga pasi kwa moyo wote, lakini si mkono wa Mama, waumini hawasemi ila naona wanavyoniangalia shingoni.

Nauli yake nitatuma.

Kaka yako

*

Ushirika
11 Juni

Kaka,

Usikipe maana kimya changu. Shule zimefungua, mikate inatakiwa kabla jua halijatoka, tumekuwa tukilala kwa zamu na kula kwa zamu. Nina afya. Mama ana afya, amenenepa kidogo mashavuni. Anakusalimu sana wewe, na wifi, na wanangu wote wawili.

Nikujibu la kijicho. Kijicho ni kutamani cha mwenzio. Sisi tulitamani mikate tuliyoikanda wenyewe. Ukiniambia hiyo ni dhambi, nitakuuliza aliyekuwa anaichukua tulimwita nani, na kwa nini alikuwa anakaa mstari wa mbele kanisani.

Ila usidhani huku kwangu kila kitu ni laini. Katibu wa chama alikuja mwezi uliopita akakuta Mama anaomba kwa sauti kabla hatujawasha tanuri, kama anavyofanya kila siku, nao wenzangu wamemzoea. Hata Masizi, ambaye haamini kitu chochote asichoweza kukipuliza kikawaka, huvua kofia. Katibu akasema maombi ni mambo ya nyumbani, dini inawalaza wafanyakazi. Mama akamwangalia kuanzia viatu kwenda juu, akamuuliza kama hapo anaona mtu yeyote amelala. Tangu siku hiyo katibu akija anabisha hodi kwanza. Mimi nilisimama katikati yao, nikijua kwamba yeye ananiona nina dini kupita kiasi na wewe unaniona sina ya kutosha. Wala hakuna aliyeniuliza.

Lakini lipo jambo moja limekuwa likinizunguka. Wiki ile ile Mama alikuja nami kuchukua unga stoo. Akauliza ufunguo anao nani. Nikamwambia stoo yetu haina kufuli, anayechukua anaandika kwenye ubao. Akakaa juu ya gunia, mikono magotini. Kisha akasema, "Kwa hiyo inawezekana."

Hapo nikaelewa nusu ya lile begi, Kaka. Nusu nyingine unayo wewe.

Mengine ni ya kawaida. Wamempenda mno, na nakuandikia hili kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia. Binti wa mizani hasukwi nywele na mtu mwingine sasa. Masizi analetewa soksi zake zimeshonwa. Wote wanamwita Mama. Jana Masizi alimwambia mteja kwamba "mama yetu ndiye aliyekanda huu", nikajikuta nimemsahihisha mbele ya mteja. Nikasema mama yangu. Mteja akachukua mkate akaenda zake, mimi nikabaki na aibu iliyonishika mpaka jioni.

Uwe na wakati mwema.

Kijiko

*

Nyumba ya Mchungaji
24 Juni

Mdogo wangu,

Sote wazima.

Barua yako nimeisoma kutoka juu hadi chini na kutoka chini hadi juu, nikitafuta neno moja, kiti. Sijaliona. Kuna soksi za Masizi, kuna nywele za binti wa mizani, kuna viatu vya katibu. Kiti cha Mama hakimo. Nilikwambia usiyapunguze maneno yangu, sikutegemea utayala yote.

Unaniuliza habari za kufuli kwa mzunguko, nami sitakujibu, kwa sababu si swali lako, ni la Mama, na Mama hajaniuliza.

Ila nikwambie kitu kimoja. Mama yangu anashona soksi za mtu asiyemjua Mungu, mimi naingia madhabahuni na kola imekunjamana. Ukitaka kuuita huo wivu, uite. Ninaouona kwako nao una jina hilo hilo, tofauti ni kwamba wewe unaukalia juu.

Sipitishi tena ujumbe kwako. Nimemwandikia Mama mwenyewe. Juu ya bahasha nimeandika, Kwa Mama, Ushirika wa Waoka Mikate, Nyuma ya Stesheni, nikaipeleka posta kwa mkono wangu, ili isipite mikononi mwako.

Kaka yako

*

Ushirika
8 Julai

Kaka yangu mpendwa,

Tafuta mahali ukae. Waambie watoto wakacheze nje, na huyo msomaji afunge mlango.

Barua yako kwa Mama ilifika, na kweli haikupita mikononi mwangu. Lakini hukujua kanuni yetu, na mimi sikuwahi kukwambia. Mwenye kiwanda wa zamani alikuwa anaficha barua zilizotujia, hata zile za ofisi ya kazi. Tulipoanzisha ushirika, kanuni ya kwanza tuliyoipigia kura ni kwamba barua yoyote yenye jina la ushirika juu ya bahasha inafunguliwa wakati wa chai na kusomwa kwa sauti mbele ya wote. Wa kuisoma naye ni kwa zamu. Wiki hii zamu ni ya Masizi.

Aliona jina la ushirika tu, akadhani ni barua ya kuagiza mikate. Alikwishasoma salamu zako zote na habari za kola ndipo akatambua ni nini, na sauti yake unaijua, hapana, huijui, ni sauti ya mtu aliyezoea kushindana na moto. Akamtazama Mama, Mama akamwashiria aendelee, na kwa kuwa Mama ndiye mwenye barua, akaendelea. Tulisikia wote kwamba sisi ni watu wenye kijicho. Tulisikia kwamba ulifunga stoo ya nyumba yako kwa kufuli kwa sababu Mama alikuwa anawagawia majirani vitu vyenu, na kwamba sasa kufuli hilo umeling'oa. Tulisikia habari za kiti na mto. Kisha akafika pale ulipoandika, "Mama, kinachoniuma si siasa yao. Kinachoniuma ni kwamba huko unacheka." Hapo Masizi akashindwa. Akampa binti wa mizani amalizie, naye akamalizia huku anafuta macho kwa aproni yenye unga.

Hakuna aliyekucheka, Kaka. Nakuapia. Mfagizi alisema tu kwamba mtoto huyu anaumia.

Lakini Mama hakuwa anawatazama wao. Alikuwa ananitazama mimi. Akaniuliza, "Kiti gani?"

Unajua macho yake hayaoni tena maandishi, barua zako zote nilikuwa namsomea mimi. Ile ya Aprili nilimsomea dirisha, nikamsomea kijicho kilichoandikiwa katiba, tukacheka. Nilipofika kwenye kiti nikaruka. Nikatoka kwenye kijicho moja kwa moja hadi kwenye kola. Nilijiambia nitamsomea kesho. Niliona akienda hatarudi, kwa sababu wewe una kiti, una joho, una wajukuu, mimi nina meza ya kukandia. Basi yule mume na mkewe walioficha nusu, umempata wa tatu wao. Kosa lilikuwa uongo, si mali. Uliandika vizuri, ningetamani uwe umekosea.

Hayajaisha. Jumatatu mkutanoni mfagizi akanyoosha mkono, akasema mpanga zamu amemweka Mama kwenye meza yake tangu alipofika, wakati kila mtu hapa anahama meza. Ni kweli. Nilikuwa najitia hamnazo. Wakapiga kura Mama ahame, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mama. Nimepigiwa kura na mama yangu mzazi.

Kisha akasimama. Alisema maneno machache, nakuandikia kama yalivyo. "Nimezaa wawili. Mmoja anasoma Biblia, mwingine anasoma katiba. Na wote wawili wamenifungia stoo."

Ameamua hivi. Atakuja kwenye sherehe yako. Atakaa huko mpaka atakapochoka, kisha atarudi huku mpaka atakapochoka, naye ndiye atakayepanga zamu hiyo. Anayebisha atapoteza ya kwake.

Ulinitaka nikujibu kama mtu anaweza kumwamini Kristo na kuwa mjamaa. Mwezi wa Machi nilikuwa na jibu. Leo naona nimegawana unga, nimegawana kodi ya nyumba, sabuni, hata kitanda, mgonjwa alipokuja. Nilipofika kwa Mama nikasimama. Labda siko mbali na wewe kama nilivyokuwa najisifu.

Wenzangu watampa mikate aje nayo. Usiikatae.

Kijiko

*

Nyumba ya Mkuu wa Jimbo
28 Septemba

Mdogo wangu Kijiko,

Wifi yako anakusalimu na anauliza kama kweli Masizi alishindwa kusoma au alikuwa na masizi kooni. Wanao wazima. Msomaji alikuwa nyuma ya mlango, kwa hiyo barua yako ya Julai anaijua kwa moyo, na anataka awe na zamu ya kusoma barua humu ndani. Nimekataa. Wameniambia tupige kura.

Niliposoma kwamba barua yangu ilisomwa mbele ya watu wote, nililala kitandani mchana na viatu. Aibu ikanipata, kisha hasira, kisha sijui nini. Yule mfagizi wenu mwambie amesema kweli.

Mama alifika na kapu la mikate kichwani. Asubuhi ya kusimikwa ikagundulika kwamba mkate wa meza ya Bwana umeota ukungu, Mama akanikabidhi wenu. Nikauinua, nikaubariki, nikaumega. Sikuwaambia waumini umetoka wapi mpaka walipokuwa wameshameza.

Kuhusu kiti, alikikalia. Alikikalia mpaka wimbo wa pili, kisha akamwona mfagizi wa kanisa amesimama nyuma na mguu wake uliovimba. Akaenda akamshika mkono, akamkalisha juu ya mto wangu, yeye akasimama kule nyuma na watoto. Nimeapishwa huku namtazama mfagizi. Miaka yote nimehubiri kwamba sisi sote ni watu wa nyumba moja, na siku yangu kubwa nimemwonea wivu mwanamke mwenye mguu uliovimba. Baadaye alikuja kunishukuru, akidhani mto ule niliuweka kwa ajili yake. Nikamwambia ndiyo. Huo nao ni uongo, lakini nadhani ni mwepesi.

Tena lipo la kufuli. Niliandika nimeling'oa. Sikuwa nimeling'oa, nilikuwa nimelifungua tu, likabaki linaning'inia. Mama alilikuta. Alilitoa akaenda nalo jikoni, sasa wifi yako analitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Watu wanakuja stooni. Vitu vinapungua. Nilikuwa nimejiandaa kuona njaa humu ndani, bado naisubiri.

Vijana wameniuliza tena lile swali. Usifurahi upesi, sijawa mjamaa. Bado naamini kwamba mtu anayelazimishwa kutoa hajatoa, na siku chama chenu kitakapokuwa na nguvu ya kulazimisha utayakumbuka maneno yangu. Lakini nimewaambia kwamba lile hapana la Februari nililisema nikiwa na wivu, na jibu la mtu mwenye wivu lisiingizwe kwenye mafundisho. Nimewaambia tulisome upya pamoja. Mmoja ameomba aje kwenu akaone. Nimemruhusu, mpeni kazi.

Mama ameondoka leo asubuhi. Akiwa mezani anasimulia habari za huko kwenu anacheka vile vile, anajishika ubavu, na mimi nilikuwa naacha kutafuna. Nilimwomba akae mpaka mwisho wa mwaka. Akasema zamu ni zamu.

Nikwambie, kwa kuwa utasikia. Wakati anafunga begi nilichukua viatu vyake vile vyeusi vya kamba, nikavificha. Mkuu wa jimbo mzima. Tulivitafuta wote, na mimi nikatafuta, nikainama mpaka chini ya kabati. Gari likapiga honi, akaondoka na kandambili za wifi yako.

Viko hapa chini ya meza ninapoandikia. Mwambie vipo, vimepatikana, vinamngoja. Nawe nakuomba, usimnunulie vingine.

Kaka yako

*

Ushirika
15 Oktoba

Kaka,

Mama amefika salama, miguu ina vumbi, roho haina. Kijana wako naye amefika, tumempa ufagio. Salamu kwa wifi na kwa tume ya uchaguzi hapo nyumbani.

Barua yako imechelewa. Wenzangu walipomwona na kandambili walichanga siku ile ile, wakamnunulia viatu vipya, vya ngozi, Masizi mwenyewe alikwenda kuvichagua. Alivivaa, akatembea navyo mpaka kwenye tanuri na kurudi, akawashukuru mmoja mmoja. Jioni nikaviona mguuni kwa mfagizi wetu wa siku zote.

Nikamsomea barua yako, yote, sikuruka hata nukta. Nikadhani atakasirika kuhusu viatu. Aliendelea kukanda, meza ya Masizi, wiki hii yuko huko. Kisha akasema alijua tangu pale, alikuona ulivyoinama chini ya kabati bila kutazama chini ya kabati. Nikamwambia basi tukununulie vingine, baridi inakuja. Akasema, "Vya nini? Viatu vyangu viko kwa mwanangu."

Kwa mwanangu, Kaka. Kama vile anaye mmoja.

Nilikuwa nimesimama mbele ya tanuri, zamu yangu ya kutoa mikate. Nilishikwa na wivu mpaka nikasahau kilicho ndani. Trei zote za asubuhi zimeungua. Kwa kanuni zetu, hasara tumegawana.

Kijiko